Nilivyompunguza Mbeba Taa

Sanduku nilipewa na mzungu wa kujitolea aliyekuwa akifundisha sekondari, jirani na shule yetu ya msingi pale Temeke. Lilikuwa la kadibodi, mende wamelitafuna pembe zote. Ndani mlikuwa na vitabu vitatu vyembamba vya Kiingereza na kete za ajabu, nyingine za pande nne, nyingine za pande nyingi hata kuzihesabu ni kazi. Mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi. Mmoja ndiye msimuliaji: anawaeleza wenzake wamesimama wapi, mbele yao kuna nini, na kitu gani kinanguruma gizani. Wengine kila mmoja ana mtu wake, labda mpiganaji, labda mganga, na anasema mtu wake anafanya nini. Likitokea la kubahatisha, kete zinaamua. Mtu wako akifa, amekufa. Unanuna kidogo, unakunywa chai, unabuni mwingine.

Mzungu yule alitufundisha walimu sita, akamaliza mkataba, akaondoka. Sanduku akaniachia mie kwa sababu mie ndiye niliyekuwa nikibishana naye zaidi. Halafu uhamisho ukatupitia. Mmoja Newala, mmoja Mpanda, wawili wakapelekwa kwenye vijiji vipya vya ujamaa ambako watoto walikuwa wanasomea chini ya makuti, wa tano akaolewa na mume wake akakataza. Nikabaki na sanduku na hamu yangu. Ndipo nikawageukia wapangaji wenzangu.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko. Jumapili baada ya kula tulikuwa tunatandika mkeka koridoni, pana upepo. Wachezaji walikuwa watatu. Wa kwanza mchongaji, Mmakonde, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akiuza vinyago kandokando ya barabara ya Bagamoyo, enzi hizo wachongaji hawajahamia Mwenge. Wa pili dada mmoja wa Kichaga, mpiga chapa wizarani, Mlutheri wa kwenda kanisani asubuhi na kupigana na mizimu mchana bila kuona tatizo lolote. Wa tatu alikuwa kuli wa bandarini, Mnyamwezi. Na kwa kuwa mie ni Mzaramo, huyo alikuwa mtani wangu.

Asiyekulia kwenye utani hawezi kuijua raha yake. Mtani hakasirikiwi. Akikuambia una sura ya ngiri mbele ya wakwe zako, unacheka. Ukifiwa, mtani wako anaingia msibani kavaa kanzu ya marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea, analala kaburini kabla maiti hajateremshwa na anakataa kutoka mpaka wenye msiba wampe kitu. Wanampa, wanacheka, na kilio kinapumzika kidogo. Sie wawili tulikuwa tunatukanana kuanzia kwenye foleni ya choo. "We mpagazi," nilikuwa nikimwambia, "babu yako alifika pwani na pembe ya ndovu kichwani, akala kwetu, akalala kwetu, mpaka leo hamjaondoka." Naye: "Na babu yako alikuwa wapi? Ngomani! Mpaka leo hajarudi." Bi mkubwa mwenye nyumba alikuwa akituambia nyie wawili mtazikwa kaburi moja mgombanie shuka.

Tatizo la vile vitabu ni kwamba safari zake zimeandikiwa watu sita mpaka wanane. Ukiwapeleka watatu, wanakufa mlango wa kwanza. Jumapili ya kwanza walikufa wote kabla chai haijachemka, mpiga chapa akaniuliza kama mchezo ndiyo umekwisha au kuna kitu kingine. Nikaona aibu. Nikakaa na vitabu vile, nikaanza kupunguza.

Mwanzoni nilipunguza maadui tu. Penye ishirini nikaweka wanane. Haikusaidia, maana safari ilipooza, wakawa wanapita tu kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Nikajaribu kumpa kila mchezaji watu wawili wawili. Mpiga chapa akawa anawagombanisha watu wake wenyewe na kuwapatanisha, saa nzima, sie tunamtazama. Baadaye nikaelewa kuwa si hesabu ya maadui inayobana watu wachache, ni kazi. Watu sita wana mikono ya kila kazi: wa kuvunja mlango, wa kutibu, wa kusoma maandishi, wa kushika taa. Wakiwa watatu, lazima milango mingine ifunguke kwa maneno, vyumba arobaini viwe kumi na viwili, na adui mkubwa awe na udhaifu ambao mtu mwenye akili anaweza kuuona. Nikajitungia kanuni, nikaiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya kifuniko cha sanduku: mtu ambaye kazi yake inaweza kufanywa na kitu, mpunguze.

Niliipenda kanuni ile. Nikaona nimekuwa fundi.

Majumba ya mawe ya kizungu nikayatupa, nikaiweka safari yetu kwenye mapango ya Pugu. Mizimu nikaipa majina ya kwetu. Kete ya pande ishirini ilitumbukia mtaroni siku ya mvua, tukaandika namba kwenye vikaratasi, tukavikunja, tukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, mtu anatikisa anachomoa. Mchongaji akatuchongea kila mmoja mtu wake kwa vipande vya mpingo alivyobakiza, virefu kama kidole. Mwenyewe alikuwa mpiganaji. Mpiga chapa alikuwa mganga. Mtani wangu nilimpa mtu ambaye kitabuni hata hana jina, kibarua tu anayekodiwa kushika taa. "Mnyamwezi kazi yako kubeba," nikamwambia. Akacheka, akakipokea kile kinyago, mzigo kichwani, taa mkononi, akakitia mfuko wa shati. Alikuwa akitembea nacho kila siku.

Sasa niseme habari ya mfuko ule wa shati, maana ndani yake mlikuwa na kitu kingine pia: kadi ya kliniki. Mtani wangu alikuwa na kifua kikuu. Bandarini walimsimamisha, wakamwambia akipona alete cheti atarudi kazini. Kila asubuhi alikuwa akienda kliniki kuchomwa sindano, na kila akichomwa nesi anatia alama kwenye kadi. Daktari alimwambia mbele yangu, kwa kuwa siku hiyo nilimsindikiza: usikatishe. Ukikatisha katikati ugonjwa unarudi na hasira, na hautaisikia dawa hii tena. Alikuwa amevuka nusu. Kukohoa kulikuwa kumepungua, mashavu yameanza kurudi. Ninachotaka kusema ni kwamba nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote wa nyumba ile.

Jumapili moja tukafika mwisho wa safari. Nilikuwa nimeifanyia kazi mwezi mzima. Chini kabisa ya pango nilimweka Sultani aliyekufa, analinda ufunguo waliokuwa wakiutafuta, ambaye kitabuni anahitaji watu wanane kumshinda. Ili watatu wamweze nikampa udhaifu: haoni chochote isipokuwa mwanga. Mipango yangu ilikuwa kwamba watapigana naye Jumapili mbili, mpiganaji ataumia, mganga atamtibu, mwishowe watagundua kumvuta kwa taa mpaka ukingoni mwa shimo atumbukie. Nilikuwa nimeandika hata maneno ya Sultani ya kufia. Maneno mazuri kweli.

Nikawaeleza: Sultani anasimama, anageuza kichwa, anaitazama taa. Sijamaliza hata sentensi.

"Nazima taa," mtani wangu akasema.

"Huwezi kuzima taa. Mtaona nini?"

"Hatuoni sie, na yeye haoni. Ila sie mlango tumeuona, uko kushoto, umesema mwenyewe. Tunapapasa ukuta, tunachukua ufunguo, tunaondoka zetu. Usultani wake ukae huko huko."

Nikatikisa kopo, nikamwambia achomoe. Akachomoa kumi na tisa katika ishirini, wametoka na ufunguo wao. Chai ilikuwa bado ya moto.

"Jamani!" akapiga kelele, anacheka, mkono kifuani. "Mwalimu mwezi mzima anachimba, mpagazi kafukia kwa pumzi moja! Wazaramo nyie na akili wapi na wapi?" Mpiga chapa alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Mchongaji, ambaye sikumbuki kumwona akicheka, alicheka. Bi mkubwa akatoka chumbani kuuliza kulikoni, akasimuliwa, naye akacheka. Nikacheka na mie, ndivyo utani unavyotaka. Lakini niliumia. Niliumia kitoto, kwa ukali ambao sikuujua kama ninao. Usiku sikulala vizuri kwa ajili ya Sultani wa karatasi.

Jumatano akaja mjumbe wa nyumba kumi. Alikuwa mzee wa Kizaramo, mtu wa watu, nikamwamkia shikamoo akaitikia. Kafuatana na kijana, karani wa kata, mgeni mjini, katoka huko ziwani, daftari kubwa kwapani. Ilikuwa ile miaka ambayo wasio na kazi walikuwa wakikusanywa mjini na kurudishwa vijijini wakalime. Walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba kuorodhesha nani ana kazi na nani hana. Wengine wote walikuwa wametoka, mie nilirudi kuchukua madaftari niliyoyasahau. Nikiwa mwalimu, neno langu lilikuwa linaaminika. Tukaenda chumba kwa chumba. Mchongaji, ana kazi, yumo kwenye ushirika. Mpiga chapa, wizarani.

"Chumba cha nne?" karani akauliza.

Chumba cha nne alikuwa ameenda kuchomwa sindano.

"Huyo?" nikasema. "Huyo mpagazi. Hana kazi, hana mbele wala nyuma. Anamaliza ubwabwa wa mjini na kutukoholea. Mchukueni mkamtupe kwao akalime, mtakuwa mmetusaidia sana."

Mjumbe akacheka, akapiga paja. "Mnyamwezi wake huyo," akamwambia karani. Karani hakucheka. Kwao watani wao ni watu wengine, na hata hivyo alikuwa kazini. Akaandika. Niliona akiandika, mstari mzima. Maneno "ana kadi ya kliniki" yalikuwa mdomoni kwangu, mafupi, hayana gharama. Sikuyasema. Nilikuwa na ladha ya yale niliyokwisha sema na sikutaka kuiharibu.

Jioni mjumbe akarudi peke yake, akanivuta pembeni. "Mwalimu, yule kijana ameandika kama ulivyosema, na jina lako kaweka kuwa ndiye uliyethibitisha. Nenda ofisini ukamweleze huyu ni mgonjwa, anatibiwa. Nenda kabla ya Jumamosi. Mie nikienda wataniambia nawaficha watu wangu." Nikamwambia kesho asubuhi, mzee wangu, bila wasiwasi. Ofisi ya kata ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni.

Alhamisi nilikuwa na vipindi mpaka saa saba, halafu nikasahihisha madaftari. Yangeweza kusubiri. Nikaona haya kwenda kumwambia kijana mdogo kwamba mie mwalimu mzima nilikuwa nafanya mzaha, aniangalie kwa macho yake yale. Nikasema Ijumaa. Jioni nikatoa sanduku nianze kutengeneza safari mpya ya Jumapili. Nikaanza kuipima kwa watu watatu, kama kawaida. Haikukaa. Kila chumba cha giza nilichokiweka, nilimwona mtani wangu anazima taa na kucheka. Nikafuta, nikapanga upya, nikafuta. Halafu nikainua kifuniko, nikasoma maandishi yangu mekundu. Taa inaweza kutundikwa ukutani. Nikaiandika safari ya watu wawili, mpiganaji na mganga, na taa kwenye msumari. Ilikaa vizuri ajabu. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Hakuna aliyenituma. Lori la kuwakusanya wasio na kazi lilikuwa halijaja, kadi yake ilikuwa imetiwa alama asubuhi ile ile, na mie kalamu mkononi nilikuwa nimekwisha kumtoa.

Ijumaa asubuhi nikampa mpiga chapa karatasi zangu azipige ofisini wakati wa chakula, kama alivyozoea kunisaidia. Jioni akanirudishia, nakala mbili.

"Mwalimu, mbona mbeba taa hayumo?"

"Nimempunguza."

"Kwani anakwenda wapi?"

"Haendi popote. Ni jaribio tu."

Akanitazama. Hakuwa anajua habari ya karani wala orodha. Akaziweka karatasi mezani akaenda kupika. Ofisi ya kata ilikuwa imekwisha fungwa.

Jumamosi nilikuwa na wanafunzi kwenye shamba la shule, tunapalilia mihogo, elimu ya kujitegemea. Niliporudi bi mkubwa alikuwa kakaa kizingitini, kanga kajifunika kichwa. Akanieleza yote. Lori lilikuja saa nne, mgambo wanne. Walimkuta anarudi kliniki, pamba bado iko mkononi. Akawaonyesha kadi. Wakamwambia hii kadi ya ugonjwa, sie tunataka ya kazi, na huko vijijini kuna zahanati. Akawaambia muulizeni mwalimu wa chumba cha pili, atawaeleza. Wakafungua daftari, wakamsomea mwalimu wa chumba cha pili alichosema.

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Alicheka," bi mkubwa akasema. "Akawaambia, nyie, huyo mtani wangu huyo! Akacheka peke yake. Wakampandisha."

Nikakimbia ofisini, imefungwa. Jumatatu nikaenda, nikaambiwa watu wa Tabora wameshapakiwa kwenye treni tangu Jumapili. Karani alinisikiliza kwa adabu. Akasema, "Mwalimu, sasa wewe ulisema au hukusema?" Nikamjibu nilisema. Akafunga daftari. Ningependa kusema nilimchukia, lakini swali lake lilikuwa zuri.

Jumapili iliyofuata tulicheza. Ndiyo, tulicheza. Mpiga chapa hakutaka, nikamwambia tukikaa bure ndiyo tutaumia zaidi. Taa ikatundikwa kwenye msumari. Safari ilienda vizuri, hakuna aliyezima kitu, Sultani mwingine akafa kwa maneno niliyomwandikia. Hakuna aliyecheka. Walipomaliza mchongaji akakunja mkeka bila kuambiwa, akaingia chumbani kwake.

Baada ya wiki tano barua ikaja. Mwandiko wake wa madarasa ya jioni, herufi kubwa kubwa.

"Mtani, mimi nimefika salama. Kijiji ni kipya, nyumba zimepangwa mstari. Ndugu zangu wote wamehamishiwa hapa. Zahanati ina kuta, paa bado. Wamesema dawa zitakuja na paa. Kukohoa kumerudi kidogo. Wale jamaa walinisomea maneno yako, nikawaambia hawajui utani, hata mbavu ziliniuma kwa kucheka. Nakudai, siku nikija utanilisha pilau. Mtu wangu ninaye hapa mfukoni. Mkifika penye giza msinisahau. Nikiwa mbali nitaandika anafanya nini, wewe utikise kopo kwa niaba yangu. Kwa sasa aishike taa juu, asiizime, wenzake waone njia."

Nilikaa nayo barua ile uani mpaka bi mkubwa akaniuliza kama nimefiwa. Kama angenitukana kwa kweli, kama angeandika wewe mshenzi umeniua, ningekuwa na pa kushika. Lakini alikuwa mtani, na mtani hakasirikiwi, na yeye alikuwa mtu wa kufuata mila. Hasira yote niliyostahili aliibana mbavuni akaicheka. Na mie badala ya kupiga magoti, nilifanya nini? Nilijibu kiutani. Sikujua lugha nyingine ya kusema naye. Nikamwandikia: "We mpagazi, mtu wako ameshakufa zamani. Chui kamla mlangoni kabisa, tumekula wali wa msiba wake, ulikuwa mtamu. Safari sasa ni ya watu wawili, inakwenda haraka, hakuna wa kutukoholea. Lima viazi." Nikaifunga, nikaipeleka posta. Mpiga chapa alinikuta nalamba gundi ya bahasha.

Miezi mitatu ikapita. Ikaja simu ya maandishi kutoka kwa kaka yake: mgonjwa hali mbaya, anauliza mtani. Nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda treni. Mchongaji alinisindikiza stesheni, akanipa kipande cha mpingo, hakijachongwa. "Mpe," akasema. "Ashike tu." Njia nzima nilikuwa nacho mfukoni, najipanga nitakavyomwambia. Safari hii bila utani. Nitakaa pembeni ya kitanda, nitasema ndugu yangu, yale maneno niliyasema kwa kuwa ulizima taa. Niliyasema huku nikijua. Halafu nilipewa siku mbili za kukutoa, sikwenda. Niliyarudia mpaka abiria mwenzangu akahama kiti.

Nilifika kijijini asubuhi, siku ya pili. Nyumba kweli zilikuwa zimepangwa mstari. Zahanati kweli haikuwa na paa, mbuzi wamelala ndani. Na mbele ya nyumba ya mwisho walikuwa wamekaa wanawake chini, miguu wameinyoosha. Alikuwa amefariki alfajiri.

Kaka yake alinipokea. Nikajitambulisha, mwalimu kutoka Dar es Salaam. Uso ukamkunjuka. "Mtani!" akapiga kelele, watu wote wakageuka. "Mzaramo wake huyu! Mtani kafika!" Wakanizunguka. Mtu aliyetoka kufiwa hana furaha kama ya kumwona mtani anaingia. Kaka akaniambia barua yangu ilimfikia marehemu, aliisoma mpaka ikachanika, akawa akimsomea kila anayekuja kumwona. Alicheka mpaka akatapika damu. Alisema huyu jamaa akija, akija hata nimekufa, mwacheni alale kaburini mwangu anavyotaka.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limekwisha chimbwa. Maiti alikuwa bado ndani anaoshwa. Wanaume wamesimama na majembe, wananitazama, wanangoja. Nikawatazama na mie. Kisha nikavua viatu, nikashuka, nikalala chali.

Udongo ulikuwa baridi. Juu niliona vichwa vimezunguka ukingo, na mbingu.

"Toka humo Mzaramo!" mmoja akasema, anacheka tayari. "Hiyo nyumba ina mwenyewe!"

"Sitoki," nikasema. "Mie ndiye niliyemuua."

Wakaangua kicheko.

"Nawaambia kweli. Mie ndiye niliyewaambia wamchukue. Nilijua anachomwa sindano. Nilijua akikatisha atakufa. Nilipewa siku mbili za kwenda kumtoa kwenye orodha, sikwenda. Nilikaa nyumbani nikaandika mchezo usio na yeye."

Wakashikana mabega. Mzee mmoja alikaa chini kabisa, jembe limemwanguka. "Lo! Huyu mtani kiboko!" Nikalia. Nililia kwa sauti, pale chini, kamasi na udongo, wakasema tazama anavyoigiza, Wazaramo kwa ngoma hamuwawezi. Nikapiga kelele kwamba siigizi. Wakacheka zaidi.

Mwishowe kaka akasema basi mtani, tumekuelewa, tuache tumzike ndugu yetu. Akaagiza kuku. Wakamleta jogoo mwekundu, miguu imefungwa, wakaniteremshia. Nilimpokea. Sijui kwa nini nilimpokea, mikono ilimpokea yenyewe. Nikatoa kile kipande cha mpingo mfukoni nikakichomeka ukutani mwa kaburi, pale kichwa kitakapokaa. Wakanivuta juu.

Baada ya maziko nikaitwa ndani kumpa pole mama yake. Alikuwa bibi kizee, mdogo, macho hayaoni vizuri. Kile kinyago cha mbeba taa alikuwa kakishika, wamekitoa kwenye shati. Nikapiga goti, shikamoo mama. Akanishika kichwa, akapapasa mpaka akafika usoni.

"Nimesikia wanaume wanacheka huko nyuma," akasema. "Mie tangu alfajiri sijacheka. Hebu niambie na mie, mwanangu. Uliwaambia nini?"

Jogoo alikuwa bado kwapani kwangu. Nikamwambia. Nilimwambia lote, tangu sindano mpaka lori, polepole, kwa sauti ya kawaida, ili safari hii aelewe.

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Akaniomba nirudie.